Mpiga Picha na Mji Wake: Ushahidi au Pambo?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.



Umezoea kunisoma katika kurasa hizi nikizungumza juu ya sala, malezi ya watoto na haki za jirani. Leo nataka tuzungumze juu ya vitabu vya picha. Usishangae, wala usiufunge ukurasa ukasema kuwa sheikh ameishiwa na maneno. Jambo hili limekwisha kuingia majumbani mwetu na misikitini mwetu, na kila linaloingia huko lina hukumu yake na adabu zake. Tena mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili, na deni ni bora lisemwe kabla mwenye deni hajafa.

Vitabu ninavyovikusudia ni vya Javed Jafferji, mpiga picha mwenyeji wa Zanzibar, ambaye kwa miaka mingi ameupiga picha mji wake, akaanzisha kampuni ya kuchapisha vitabu iitwayo Gallery Publications, na akafungua duka katika Mji Mkongwe. Kijana mmoja niliyemsomesha Qur'ani, ambaye sasa anafanya kazi Unguja, aliniletea vitatu hapa Bunju: "Historical Zanzibar: Romance of the Ages" cha mwaka 1995, "Images of Zanzibar" cha mwaka 1996, na "Zanzibar Stone Town: An Architectural Exploration" cha mwaka 1998. Vimekaa nyumbani kwangu mwezi mzima. Nimevifungua baada ya sala ya Alfajiri na baada ya sala ya Isha, nimewaonyesha jirani na wajukuu, na sasa nataka nikueleze niliyoyaona, mazuri yake na mapungufu yake, kwani kusifu bila ya kupima si insafu, na kulaumu bila ya kusoma ni dhulma.

KHITILAFU JUU YA PICHA

Kwanza tuliondoe jiwe lililo njiani. Mtu atauliza: Je, picha si haramu? Hadithi sahihi zimekuja zenye makemeo makali juu ya watengenezaji wa sura, nazo hatuzipingi wala hatuzipunguzi. Lakini kamera ilipozuka, maulamaa walikhitilafiana: je, picha yake imo katika yale yaliyokatazwa, au haimo? Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 mpaka 1920, aliandika risala nzima akasema kuwa picha ya kamera si kuumba sura, bali ni kukizuia kivuli kilichokwisha kuumbwa na Mwenyezi Mungu, kama kioo kinavyokizuia. Wengine, na miongoni mwao ni Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia, wakasema kuwa haifai ila kwa haja isiyoepukika, kama pasi ya kusafiria na mfano wake.

Mimi si mtu wa kuhukumu baina ya milima hiyo. Mwenye kujizuia kwa uchaji Mungu nampa heshima yake, na asilazimishwe. Ila nitasema hili: sisi tulio wengi tumekwisha kupigwa picha. Kila aliyekwenda Hija ana picha katika pasi yake. Basi tusiwe watu wa kuitumia picha inapotufaa sisi, kisha tukaikemea inapomfaa mwenzetu. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi, na ndilo deni nililokutajia.

DENI LANGU

Msikiti wetu wa zamani hapa mtaani ulikuwa wa udongo na makuti. Mbele yake, upande wa kibla, palikuwa na mwembe, na chini ya mwembe makaburi ya wazee watatu waliotoa ardhi ile wakfu. Katika miaka ya 1990 tulipotaka kuubomoa ili tujenge wa matofali, alikuja mwalimu mmoja kijana na kamera, akaomba aupige picha pamoja na wazee waliokuwa wangali hai. Nikamkataza mbele ya watu. Nikasema: picha na msikiti haviendi pamoja. Kijana yule alinitii. Akaitia kamera yake mkobani, akashika jembe, akasaidia kubomoa. Na pasi yangu ya Hija, yenye picha yangu, ilikuwa ndani ya sanduku langu siku ile ile.

Miaka ikapita. Bunju haikuwa tena ile ya mikorosho na minazi. Mwaka 2002 ulianza ule mradi mkubwa wa viwanja elfu ishirini vya Dar es Salaam, na Bunju ikawa miongoni mwa sehemu zilizopimwa. Watu wakaja kwa wingi, kuta zikapanda, na kila hatua ya ardhi ikawa na bei. Mwembe ulikuwa umekwisha kukatwa, na makaburi yalikuwa yamekwisha kusawazika na ardhi. Ikatokea kutofahamiana na jirani yetu mmoja juu ya mpaka. Sisi tukasema kuwa wakfu unafika kwenye mwembe. Yeye akauliza: mwembe upi? Wala simlaumu, kwani alinunua kwa fedha yake na kwa nia njema. Wazee waliokuwa wakiujua mpaka walikuwa wamekufa, na wale wawili waliobaki walipishana kwa hatua ishirini. Hatukuwa na hati, wala ramani, wala picha. Tukasuluhishana, kwani suluhu ni kheri. Lakini kipande kile kimekwenda, na mpaka leo sijui makaburi ya wazee wale yako chini ya ukuta wa nani.

Picha moja tu, yenye mwembe na kuta na wazee wamesimama, ingetosha. Aliyeizuia ni mimi.

Nimekusimulia haya, ndugu msomaji, ili ujue kwa jicho gani nimevitazama vitabu vya Zanzibar. Mimi sivitazami kama mtu atazamaye pambo. Navitazama kama kadhi anayemsikiliza shahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi, ili haki za watu zisipotee kwa kusahau. Picha ya mji ni ushahidi wa mji. Na shahidi huulizwa maswali matatu: Je, uliyaona mwenyewe kwa macho yako? Je, umesema yote uliyoulizwa au umeficha? Na je, umeingia kwa idhini pale ulipoingia?

ALIYEONA KWA MACHO YAKE

Kwa swali la kwanza, Jafferji anapita bila ya shaka. Yeye si mgeni aliyeshuka ndege Jumatatu akaondoka Ijumaa. Ni mtu wa mji ule, na hilo linaonekana. Mgeni hupiga picha jua linapozama, kwani ndiyo aliyoisikia habari yake. Mwenyeji anajua kuwa uchochoro mwembamba hupata mwanga kwa muda mfupi tu jua likiwa juu, naye hungoja.

Wala hakuanza yeye. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa na studio za Wagoa, akina Gomes na Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, Mhindi, akafungua studio yake iitwayo Capital Art Studio, ambayo baadaye iliendelezwa na mwanawe. Watu wazima wa pwani wanakumbuka jinsi familia zilivyokuwa zikienda studio siku ya Idd, watoto wamevishwa kanzu mpya, baba amekaa kitini na saa mkononi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mpiga picha zamani: mtu alimwendea mwenyewe kwa hiari yake, akavaa alivyopenda, akalipa, akaondoka na picha yake. Kitabu ni jambo jengine. Katika kitabu mpiga picha ndiye anayewaendea watu, na picha huondoka naye. Ngoja tutalirudia hilo.

Katika kitabu cha mwaka 1995 Jafferji amefanya kazi ya kukusanya: picha za kale zimewekwa pamoja na maneno ya Profesa Abdul Sheriff. Hapa nilikaa muda mrefu. Zamani mbele ya bahari palikuwa na majumba ya kifalme ambayo leo hayapo, kwani tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, na Beit al-Hukm ikavunjwa isisimame tena. Watu waliolala humo wamekufa wote. Mtoto wa leo akitaka kujua mji wa Sayyid Barghash ulikuwaje, atajulishwa na picha. Wala si habari za karne iliyopita tu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ambayo kila mtoto wa Unguja aliizoea kama anavyouzoea uso wa babu yake, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ilipokuwa ikitengenezwa, na watu waliokuwa kazini humo wakapoteza maisha yao. Mwenyezi Mungu awarehemu. Basi leo ukikifungua kitabu cha mwaka 1998 ukaiona imesimama na nguzo zake na roshani zake, unajua kuwa mtu yule hakupoteza wakati wake. Alipokuwa akiipiga wengine walisema: ya nini, si ipo pale? Ndivyo nilivyosema mimi juu ya msikiti wa makuti.

Kitabu hicho cha mwaka 1998 ndicho kilicho bora katika vitatu, kwa sababu picha zake zinafundisha. Profesa Sheriff anakuongoza, na kamera inafuata: nyumba ya Kiarabu iliyofunga uso wake kwa nje na kufungua kiwanja chake ndani, kwa ajili ya sitara ya watu wake, nyumba ya Kihindi yenye duka mbele na makazi nyuma na juu, mlango wa zamani wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, na mlango uliokuja baadaye wenye upinde, kisha majengo ya wakati wa Waingereza. Mtu akikisoma hiki atatoka akijua kuwa baraza haikujengwa kuwa pambo. Ilijengwa ili mgeni mwanamume apate pa kukaa bila ya kuingia ndani kwenye wanawake. Dini yetu imeandikwa katika kuta zile. Mwalimu wa madrasa anaweza kufundisha somo zima la adabu ya kubisha hodi kwa mlango mmoja tu.

ALIYOYASEMA NA ALIYOYAACHA

Katika swali la pili nina maneno. Kwanza ni juu ya jina la kile kitabu cha 1995, ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema mahaba ya zama na zama. Siwezi kusema kuwa mwandishi ameficha, kwani Profesa Sheriff ndiye aliyetoa mwaka 1987 kitabu kizima juu ya biashara ya watumwa, karafuu na pembe za ndovu. Nasema juu ya jina tu, na juu ya desturi ya majina kama hayo. Mji uliouza binadamu sokoni, ukapigwa mizinga, ukapita katika damu ya mwaka 1964, haustahiki kuuzwa kwa jina la mahaba. Unaweza kuupenda mji wako kama umpendavyo mzazi wako, nawe unajua makosa yake. Mapenzi ya namna hiyo ndiyo ya kweli, lakini hayauziki kwa wepesi.

Pili ni juu ya milango. Tazama mlango uliochongwa, umefungwa, una misumari ya shaba, na mbele yake hapana mtu. Picha ni nzuri mno. Lakini ni nani anayekaa nyuma yake? Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, wenyewe wakatawanyika, wengine Dar es Salaam, wengine Mombasa, wengine Oman na Uingereza. Na walioingia walitoka mashamba na Pemba, familia tatu na nne katika nyumba iliyojengewa familia moja, kila moja na jiko lake la mkaa. Huo ndio mji kama ulivyo. Mlango ule umeona machozi ya waliotoka na furaha ya walioingia. Picha ya mlango peke yake haisemi hata moja katika hayo.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwangu, ni mapenzi ya ukuta uliobambuka. Vitabu vya picha za miji ya zamani, vya Zanzibar na vya Lamu na vya kwingineko, hupenda chokaa iliyotoka, mti uliomea ukutani, ngazi iliyokatika. Rangi zake hutoka vizuri. Mtazamaji aliye mbali husema: ni uzuri ulioje! Lakini mama anayelala chini ya dari ile mvua za masika zikinyesha hasemi hivyo. Yeye husikiza. Mji Mkongwe umekuwa na mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Na juu ya hayo yote nyumba bado zinaanguka. Shahidi anayeuonyesha ufa ili usifiwe, na asiuonyeshe ili uzibwe, amesema kweli lakini amemnufaisha asiyehusika.

Nne ni juu ya mipaka. Kitabu cha Mji Mkongwe, kwa jina lake, kimejifunga ndani ya Mji Mkongwe; hilo ni haki yake, simlaumu mtu kwa kuandika alichoahidi. Lakini walio wengi wanakaa Ng'ambo, ng'ambo ya ile hori iliyofukiwa, na huko ndiko zilikokuwa vyuo vyetu vingi na maulidi makubwa. Rafu za maduka zimejaa milango ya upande mmoja. Ng'ambo bado inangoja mpiga picha wake wa kuipenda kama huyu alivyoupenda upande wake.

ALIPOINGIA, ALIBISHA HODI?

Swali la tatu ni la idhini. Suratun Nur inatukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe. Na Mtume (S.A.W.) alimfahamisha mtu aliyechungulia katika tundu kuwa ruhusa imewekwa kwa sababu ya jicho. Zingatia sana maneno haya, ndugu msomaji. Kumbe mguu unaweza kubaki nje na mtu akawa ameingia. Na kamera ni jicho lisilosahau.

Nitakupa mfano, nao haumo katika vitabu hivi vitatu. Shangazi yake mke wangu, mwanamke wa stara aliyekaa Unguja, siku moja alikuwa amekaa mlangoni kwake akichambua mchele, mtandio umemshuka mabegani. Mtu akapita, akapiga, akaenda zake. Baada ya mwaka na kitu mtoto wa jirani akamletea kadi ya posta yenye sura yake, aliyoiona inauzwa. Aliyeipiga hakujulikana. Yule mama hakukaa tena mlangoni mpaka alipofariki. Alimwambia mke wangu, "Mwanangu, mimi sasa nimo katika nyumba za watu nisiowajua, na kichwa changu wazi." Watu walicheka, wakasema ni mambo ya wazee. Mimi sikucheka, na nadhani nawe hutacheka.

Mpiga picha mwenyeji ana faida hapa kuliko mgeni, kwani yeye atakutana nao msikitini na sokoni kesho. Lakini pia ana mtihani mkubwa zaidi, kwani watu humwacha aingie kwa kumwamini. Katika vitabu hivi napenda ninapoona fundi kazini, amekabili kamera, anajua kuwa anapigwa. Napenda kidogo ninapoona mtu amepigwa mgongo au kwa mbali, hajui. Na ningependa zaidi lau chini ya picha za watu pangekuwa na majina yao, kwa ruhusa yao. Mlango unatajwa ni wa aina gani, basi na mchongaji aitwe kwa jina la baba yake.

Usije ukasema kuwa napiga marufuku kila picha isiyoombewa ruhusa. Dharura ina hukumu yake. Mtazame Mohamed Amin, Muislamu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapa Dar es Salaam, na hapa hapa mwaka 1963 akaanzisha Camerapix. Mtu huyu alitoa mwaka 1978 kitabu cha picha za Hija ya Makka. Mwaka 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, akawapiga picha watu wanaokufa kwa njaa, ambao hapana aliyeweza kuwauliza idhini. Picha zile zikaamsha dunia, chakula na fedha vikapelekwa, na watu wengi wakapona. Naye alifariki mwaka 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikaanguka baharini Komoro. Palikuwa na roho za kuokoa, na kuokoa roho kunatangulizwa. Lakini katika kuuza mlango uliochongwa hapana roho inayookolewa. Kwa hivyo asiseme mpiga picha wa mji: Amin hakuuliza, nami siulizi. Haja zao si moja.

USHAHIDI UNATOLEWA MBELE YA NANI?

Limebaki moja. Vitabu hivi nilivyoletewa vyote ni vya Kiingereza. Karatasi yake ni nzito, rangi zake nyingi, na bei yake kwa mwalimu wa chuo ni chakula cha nyumbani cha siku nyingi. Najua sababu yake. Kuchapa picha za rangi ni ghali, na anayeweza kulipa gharama hiyo ni mgeni mwenye fedha za kigeni. Bila ya yeye huenda kitabu kisingechapwa kabisa, nasi tungekosa hata hicho. Basi simlaumu mfanyabiashara kwa kutafuta mnunuzi. Nasema tu kuwa matokeo yake ni ya ajabu: mji umetoa ushahidi juu ya nafsi yake, na waliousikia ni wa mbali. Mtoto aliyezaliwa nyuma ya mlango ule hawezi kuusoma ukurasa wenye mlango wake.

Dawa yake si ngumu. Kila mwenye kutoa kitabu cha mji atoe nakala chache wakfu kwa madrasa na shule za mji ule ule. Tena achape kijitabu chembamba cha Kiswahili, hata kama ni cha rangi nyeusi na nyeupe, chenye maelezo yale yale. Na mtu aliyepigwa picha apewe picha yake. Oza wa zamani hakumwacha mtu aondoke bila ya picha yake. Wa leo wasiwe nyuma yake.

Kwa jumla, ukiniuliza kama kadhi, nitasema: shahidi huyu anakubaliwa. Ameona, na mengi aliyoyaona yamehifadhika kwa sababu yake, na baadhi yake hayapo tena ila kwake. Ana upungufu katika yale aliyoyaacha na katika wale aliowasemesha, na upungufu huo unaweza kutimizwa na yeye au na wengine. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa alichokihifadhi.

NA SISI TUSIO NA MILANGO?

Ndugu msomaji, huenda ukasema: Zanzibar ina majumba, Lamu ina majumba, sisi wa Bunju, wa Boko, wa Mbagala, tuna nini cha kupigwa picha? Tuna kuta za matofali na vumbi la magari ya Bagamoyo. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Lakini mji hauhifadhiwi kwa kuwa ni mzuri. Unahifadhiwa kwa kuwa ndani yake mna haki za watu: mpaka wa wakfu, kisima kilichochimbwa kwa sadaka, makaburi, mwalimu aliyefundisha miaka arubaini bila ya mshahara.

Leo kila kijana ana simu yenye kamera. Nilikusanya wakubwa wa madrasa yetu nikawapa kazi, na nawe unaweza kuwapa wako. Wapige msikiti kutoka pande zote nne, mpaka na mpaka, na kitu kisichohama kionekane. Wawapige wazee watakaoridhia, wanaume kwa wanaume, na mwanamke asiyependa aachwe. Wasiingie ua wa mtu bila ya hodi. Picha zilizo muhimu wazichapishe katika karatasi, kwani simu huibiwa na hufa. Nyuma ya kila moja waandike jina, mahali, na tarehe ya Kiislamu na ya miladi, kisha zitiwe katika sanduku la msikiti pamoja na hati za wakfu. Hicho ndicho kitabu chetu cha picha. Hakitauzwa dukani.

Yule mwalimu kijana niliyemkataza sasa ana mvi. Nilimwendea nyumbani kwake nikamwomba radhi. Akatabasamu, akanambia, "Sheikh, siku ile nilikuwa na picha kumi na mbili zimebaki katika ule ukanda wangu. Nilikwenda kuzipiga harusini." Kisha akachukua karatasi, akaanza kunichorea mwembe ulipokuwa, kadiri anavyokumbuka. Mstari wake na wangu haukulingana.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapoteza kwa ujinga, na atujaalie kuyachunga yaliyobaki. Wabillahi taufiq.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.